Bembea za Watoto Nazo Huzeeka

Bati la nyumba likianza kuvuja kila mtu hupiga kelele, maana mvua haina subira. Lakini bembea ya watoto ikiliwa na kutu hapana anenaye neno. Watoto wenyewe wataendelea kubembea hata siku ya mwisho, tena kwa vicheko, nasi tupitao njiani twafurahi kuwaona.

Mimi ni karani wa parokia, nami ndiye nishikaye daftari la mali: viti, kengele, baiskeli ya katekista, pampu ya maji. Kila kitu kina mwaka wake kilipopatikana na bei yake. Bembea mbili za chekechea nazo zimo, ila mbele yake karani wa zamani aliandika neno moja tu: zawadi. Mfadhili alizileta, watu wakapiga makofi, wakala pilau, basi. Hapana aliyeuliza zitadumu miaka mingapi, wala nani atanunua nati zikilegea.

Mwezi wa tatu mwaka huu bembea moja ililala upande, mtoto wa miaka 6 akaanguka, akavunjika mkono juu ya kiwiko. Watu walisema mnyororo umekatika. Fundi wa kuchomelea alipokuja hakuutazama mnyororo kwanza. Alichimba kidogo mguuni mwa bembea, pale bomba liingiapo ardhini, akachoma kwa bisibisi, ikapenya kama katika muhogo uliooza. Juu bomba lang'aa kwa rangi; chini, maji yatuamapo, hapana chuma tena. Ninyi wenye bembea penu, anzeni kutazama hapo. Kisha tazameni kulabu za mnyororo, maana husagana kila siku mpaka zikawa nyembamba kama ufito wa ufagio.

Zote mbili zimeng'olewa. Halmashauri ilipokutana, mzee mmoja aliuliza kwa nini tununue nyingine, hali sisi sote tulikua kwa kupanda miembe. Swali lake nalipenda, wala sikuliandika kwa mzaha katika kumbukumbu za mkutano. Lakini mtoto apandaye mwembe hulipima tawi kwa mguu kabla ya kulikalia. Bembea haipimi, aliisimamisha mtu mzima, naye mtoto huamini.

Basi tukaja kwenye fedha. Fundi alitukadiria shilingi 900,000 kwa bembea mbili, pamoja na mabomba, minyororo, saruji na ujira wake. Fedha hiyo tumekwisha kuipata kwa mpunga wa misimu miwili. Wengine walitaka tuishie hapo. Mimi nikaomba dakika kumi na kipande cha chaki, mazoea ya chuo cha ualimu hayo.

Fundi asema zikitunzwa zitafika miaka 15. Gawa 900,000 kwa 15, wapata 60,000. Hiyo ndiyo akiba ya kila mwaka, kuanzia mwaka wa kwanza, bembea zingali mpya. Ongeza 48,000 za rangi, grisi, kulabu na matengenezo ya ardhi chini yake, jumla 108,000. Jumuiya zetu ni 18, kwa hiyo kila moja itatoa 6,000 kwa mwaka, yaani 500 kwa mwezi. Baraza lote likanyamaza, maana wengi walidhani nitataja fedha za kutisha.

Tena bei hazikai mahali pamoja. Tuseme baada ya miaka 3 fundi ataka 1,080,000. Tutakuwa na 180,000. Zimebaki 900,000 na miaka 12, nayo akiba itapanda kuwa 75,000. Ndiyo sababu kila mwaka wa tatu fundi ataulizwa upya. Asiyeuliza atakuta sanduku lina bei ya zamani.

Jambo la ardhi lilitupa taabu zaidi. Makadirio ya fundi hayakuwa na hata senti moja ya ardhi, na huko ndiko mtoto aangukiako. Serikali ya Marekani ina kitabu cha mwongozo wa viwanja vya watoto, kilichotolewa kwanza mwaka 1981. Chasema mchanga wa kina cha inchi 9 humkinga mtoto aangukaye toka futi 4 tu, bali vipande vidogo vya mbao vya kina hicho hicho humkinga hata toka futi 10. Bembea zetu zitaning'inia toka futi 7. Mchanga wa mto ni wa bure, lakini hautoshi. Vipande vya mbao vyatoka kiwanda cha mbao mjini, navyo huoza, hivyo kila mwaka huongezwa. Nauli yake imo katika zile 48,000. Na kila jioni mtu hana budi kuvirudisha kwa reki chini ya viti, maana miguu ya watoto huvitawanya.

Bembea zitasimamishwa baada ya mavuno. Mtelezo bado haujaamuliwa. Bati lake ni zima, lakini jua la adhuhuri hulifanya liwaunguze watoto mapaja. Wengine wataka tuuhamishe chini ya mwembe, akina mama wasema mwembe ule una siafu. Halmashauri itaketi tena Jumapili ya pili ya mwezi ujao.