28 kati ya 30, na bado nasahau

Wadau, kimya changu kina sababu. Covid iliondoka mwilini, kichwani ikaacha ukungu kama wa Wundanyi alfajiri. Daktari hapa Voi akanipima kwa MoCA, kipimo cha Kanada kilichochapishwa mwaka 2005: chora saa, kumbuka maneno matano. Nikapata 28 kati ya 30. Ukifika 26 huna neno. Sina neno? Programu niliyoiandika jana leo naisoma kama ya mgeni! Ni kama seva: ukiisalimia inajibu, ukiitwika mzigo inakwama. Dakika kumi za maswali hazipimi saa tatu za kazi. Dawa iliyothibitika kuuondoa ukungu huu haipo. Nafanya kazi vipande vifupi, napumzika kabla sijachoka, naandika kila kitu daftarini. Mteja wa Mwatate anataka kazi yake Ijumaa, bado sijamwambia.