Bawabu wa Majibu

Programu ya kompyuta haizaliwi mikono mitupu. Inapoanza kazi hupewa na mzazi wake urithi mdogo wa maneno, kila neno likiwa na jina upande mmoja, thamani upande wa pili, na alama ya usawa katikati. Jina HOME laeleza nyumba ya mtumiaji ilipo; jina PATH laeleza njia ambamo amri hutafutwa; jina LANG laeleza lugha ambayo mtumiaji apenda kusemeshwa. Maneno haya huitwa vigeu vya mazingira. Desturi hii ilikuja na toleo la saba la Unix, lililotoka katika Bell Labs huko Marekani mwaka 1979, nayo imedumu mpaka leo katika Linux na mifumo mingine iliyofuata nyayo za Unix.

Urithi huu una sheria mbili. Ya kwanza ni kuwa mtoto hupewa nakala. Akibadili neno katika nakala yake, mzazi hapati habari. Ya pili ni kuwa mzazi naye, akiisha kumwachilia mtoto, hana mkono tena katika urithi ule. Ni kama chombo kilichokwisha pakiwa na kutweka tanga: kilichosahauliwa pwani kimesahauliwa. Programu iliyoanza asubuhi na nywila ya jana itakaa na nywila ya jana mpaka izimwe na kuwashwa upya.

Mwaka 2011 Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku alitoa kanuni 12 za uundaji wa programu za mtandao, na moja katika hizo yaagiza kuwa mambo yabadilikayo kutoka mahali hata mahali yawekwe katika mazingira, yasiandikwe ndani ya programu yenyewe. Anwani ya hifadhidata, nywila, na jina la seva ya barua ni katika mambo hayo. Shauri hili lina busara. Programu moja yaweza kufanya kazi mezani pa fundi na katika seva ya wateja bila ya kubadilishwa herufi, na siri haisafiri pamoja na maandishi yasomwayo na watu wengi.

Lakini jambo jema likizidi idadi huomba mtunzaji. Mashine mia zina faili mia za kuanzishia programu, na kila faili ina tabia ya mkono ulioiandika. Mtunza mashine aliyeambiwa usiku kuwa nywila ya hifadhidata imevuja, na kuwa yapasa ibadilishwe kabla ya alfajiri, aikuta nywila ile imeandikwa kwa namna nyingi mbalimbali. Hapa imefungwa kwa alama za nukuu, pale haikufungwa. Hapa jina lake ni refu, pale limefupishwa. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Akisahau mashine moja, kazi ya watu wa mashine ile itasimama kukicha. Na akiiacha nywila ya zamani iendelee kukubaliwa ili kuwaokoa hao, mwizi naye ameokoka.

Dawa iliyotafutwa ni ghala moja la mipango. etcd, iliyotokea mwaka 2013, na Consul, iliyotokea mwaka 2014, ni maghala ya namna hiyo: thamani huandikwa mara moja mahali pamoja, na kila mwenye ruhusa huisoma kutoka hapo. Programu mpya hufundishwa kuliuliza ghala. Programu kongwe haifundishiki. Mwandishi wake amekwenda zake, maandishi yake ya asili hayakuuzwa pamoja nayo, na swali ilijualo ni moja tu: huiita huduma ya maktaba ya C iitwayo getenv, huitajia jina, na hungoja thamani.

Hapo ndipo bawabu aingiapo. Tangu mifumo kama SunOS 4 ya mwaka 1988, programu nyingi hazibebi maktaba zote tumboni mwao. Huziazima wakati wa kuanza, na kiunganishi cha mfumo ndicho kitafutacho kila huduma iliko na kuipatanisha na programu. Kiunganishi hicho huridhika na huduma ya kwanza kiionayo yenye jina lililotakiwa. Katika Linux, kigeu kiitwacho LD_PRELOAD hukiambia kitangulize maktaba fulani mbele ya nyingine. Mtunza mashine akiandika maktaba ndogo yenye getenv yake mwenyewe, na kuitanguliza hivyo, kila swali lipelekwalo kwa getenv litapita kwake kwanza. Jina likiwa katika orodha yake, bawabu atalitafutia thamani katika ghala. Lisipokuwamo, ataiita getenv ya asili na kurudisha jibu lake bila ya kuligusa. Programu haikubadilishwa hata herufi moja, wala haina habari kuwa mlangoni pana mtu. Na hapa pana kichekesho: LD_PRELOAD yenyewe ni kigeu cha mazingira. Bawabu ameingia kwa mlango ule ule alioajiriwa kuulinda.

Maktaba ya namna hii yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja, lakini adabu zake ni nyingi kuliko mistari yake. Adabu ya kwanza ni ya amana. getenv hairudishi nakala ya thamani; hurudisha anwani ya mahali thamani ilipokaa katika kumbukumbu. Muulizaji ameazimwa, hakupewa. Bawabu akiitupa thamani ya zamani mara apatapo mpya, programu iliyoishika anwani ya zamani itasoma takataka, na yaweza kuanguka siku ambayo hakuna aliyeigusa. Yampasa bawabu aitunze kila thamani aliyokwisha kuazimisha, ijapokuwa kwake imekuwa mzigo.

Adabu ya pili ni ya kujijua. Bawabu aendaye ghalani kwa njia ya mtandao hutumia maktaba nyingine, na maktaba hizo nazo huuliza maswali. Iendayo kuleta ukurasa kwa kawaida hutaka kujua kama http_proxy imewekwa, na huuliza kwa getenv. Swali hilo litamrudia bawabu mwenyewe, naye atakwenda ghalani kulitafutia jibu, na huko ataulizwa tena. Asipokuwa na alama ya kumwambia kuwa swali hili ni lake mwenyewe, atazunguka hata kumbukumbu imwishie.

Adabu ya tatu ni ya wakati wa dhiki. Kuuliza mazingira ni jambo la kufumba na kufumbua, na waandishi wa programu hulitumia wakiwa na imani hiyo. Kuuliza ghala la mbali ni safari. Ghala likizimika, bawabu asiye na kiasi ataisimamisha programu mlangoni, na programu mia zitasimama pamoja kwa sababu ya mashine moja. Mashine zilizokuwa zikikosea moja moja sasa zaweza kukosea zote kwa pamoja. Kwa hiyo bawabu mwema huweka akiba ya jibu la mwisho alilolipata, hujiwekea muda mfupi wa kungoja, na hujua la kufanya muda ukipita.

Hata akitimiza haya yote, ufalme wake una mipaka. Programu iliyobeba maktaba zake zote tumboni haimwiti kiunganishi, na bawabu hapati pa kusimama. Programu zilizoandikwa kwa lugha ya Go husoma mazingira zenyewe bila ya kupita kwenye maktaba ya C. Python hukusanya vigeu vyote mwanzoni na kuvitia katika kamusi yake, ikivisoma moja kwa moja pale vilipopangwa katika kumbukumbu. Java nayo hufanya vivyo hivyo. Hao wote hawaulizi mlangoni, kwa kuwa wamekwisha ingia ndani na kuhesabu vyombo. Na katika zile ziulizazo mlangoni, nyingi huuliza mara moja tu zinapoanza, kisha hushika jibu mpaka mwisho wa kazi. Bawabu anaweza kuwa na jibu jipya kila dakika, lakini jibu jipya halimfikii asiyeuliza tena.

Kuna hatari nzito kuliko mipaka hiyo. Chombo kimwezeshacho mtunza mashine kujibu kwa niaba ya mazingira ndicho kile kile kimwezeshacho mwizi. Mwaka 1995 ilitangazwa kasoro katika huduma ya telnet ya mifumo kadhaa ya Unix. Huduma ile ilimruhusu mgeni kupeleka vigeu vyake vya mazingira katika mashine ya mbali, na mwovu aliyeweza kuweka maktaba yake huko aliweza kuielekeza programu ya kuingilia iitumie maktaba hiyo, akapata madaraka ya mkuu wa mashine. Kiunganishi kilikuwa na kinga dhidi ya hila za namna hii kwa programu ambazo mtumiaji wa kawaida huzianzisha nazo zikapanda cheo. Lakini programu ya kuingilia ilianzishwa na huduma iliyokuwa tayari na cheo kikuu, na kinga haikuona la kushuku. Kinga hiyo ingaliko mpaka leo: programu ipandayo cheo haimpokei bawabu aliyeletwa na mtu wa kawaida. Mtunza mashine aonaye kuwa kinga hii yamkwamisha asiikasirikie.

Walakini swali kubwa la jambo hili halimhusu mwizi. Lamhusu mtu mwaminifu ajaye baadaye. Katika Linux kila programu inayofanya kazi ina faili chini ya /proc, iitwayo environ, ionyeshayo mazingira iliyoanza nayo. Fundi aliyeamshwa usiku kwa sababu programu yaandika katika hifadhidata isiyo yake huifungua faili hiyo kwanza. Ndani yake ataona anwani ya zamani, au hataona anwani yoyote, kwa maana jibu la bawabu halikuandikwa humo; lilitolewa mdomoni. Kwa upande mmoja hii ni faida, kwani nywila isiyoandikwa katika faili hiyo haisomwi kutoka humo. Kwa upande wa pili fundi huyu amesoma ushahidi wa kweli ulio na tarehe ya kweli, na ushahidi ule umempoteza. Atashuku mtandao, atashuku hifadhidata, atamshuku mwenzake. Saa zitapita, na maandishi ya wateja yataendelea kumwagika mahali pasipo pake.

Basi bawabu hana budi kuonekana. Jina la maktaba yake lionekanalo katika orodha ya maktaba za programu halitoshi, kwani atazamaye huko amekwisha shuku. Yafaa aandike katika daftari la mashine, tangu anapoanza, kuwa yuko na kuwa ana madaraka juu ya majina haya na haya. Kila ajibupo aandike jina lililoulizwa na mahali jibu lilikotoka, asiandike thamani, kwa kuwa thamani yaweza kuwa siri. Orodha ya majina yake na iwe fupi. Anayejibu kwa niaba ya HOME na PATH pasipo haja ametoka katika utumishi na kuingia katika utawala. Tena pawepo neno moja la kumwondoa, ili fundi aweze kuiwasha programu bila ya bawabu na kulinganisha.

Pale ambapo programu yakubali kuzimwa na kuwashwa, kuna mtumishi mnyofu zaidi. Huyo ni mtangulizi: programu ndogo iendayo ghalani kwanza, ikachukua thamani zote, ikazipanga katika mazingira, kisha ikaianzisha programu kubwa kwa urithi huo. envconsul ya HashiCorp hufanya hivyo, na thamani zikibadilika huweza kuiwasha programu upya. Mtangulizi huifikia hata programu ya Go na ya Python, kwa maana hampigi mtu chenga. Amempa mtoto urithi halali. Kasoro yake ni kuwa yote aliyoyatoa yaonekana katika faili ile ya environ kwa mwenye ruhusa ya kuisoma, na kuwa hana la kusema kazi ikiisha kuanza.

Kwa hiyo hekima yamtaka mtunza mashine amtume mtangulizi kila awezapo, na amweke bawabu pale tu ambapo programu haina sikio jingine. Nywila iliyovuja itabadilishwa kabla ya alfajiri kwa njia zote mbili. Tofauti yao huonekana miezi mingi baadaye, aliyeipanga kazi akiwa ameihama, na mgeni akiwa amekaa mbele ya mashine akijaribu kujua ni nani aliyesema neno lile. Akimpata aliyesema kwa kusoma daftari moja, mtangulizi wake alimtumikia vizuri.