Dawa ya Oili na Ila Iliyofichwa



Katika mitaa yetu ya Kiwalani, na hali kadhalika Temeke, Kinondoni na kwengineko, gari mpya ni chache. Nyingi katika gari zetu zimetumika Japani miaka mingi kabla ya kuteremshwa bandarini, na hapa kwetu huendelea kufanya kazi miaka mingine kumi au ishirini. Gari ya umri huo haikosi ila, na ila iliyo mashuhuri ni kuvuja oili. Tazama chini ya gari nyingi zilizolala uani. Asubuhi utaona doa jeusi mchangani.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia dawa. Huuzwa katika maduka ya spea, Gerezani na hata karibu na majumbani mwetu, ikiwa katika kichupa au kopo. Humiminwa ndani ya injini pamoja na oili, na muuzaji hukuhakikishia kuwa kuvuja kumekwisha. Jee, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, yafaa kuitumia? Napenda tuyazungumze masuala haya pamoja, kwani ndani yake mna mambo mawili: moja la ufundi na moja la amana.

Tuanze na la ufundi. Pale shafti ya injini inapotokea nje huwekwa pete ya mpira iitwayo sili, ili oili isipenye. Kwa joto la miaka mingi mpira huo hukauka, ukawa mgumu na kusinyaa, na oili ikapata upenyo. Nyingi ya dawa hizi zina mafuta maalumu yanayoingia katika mpira, yakaulainisha na kuuvimbisha kidogo. Basi ikiwa sili imekauka tu, na oili inatoka kidogo kidogo kama jasho, dawa yaweza kusaidia baada ya gari kutembea siku kadhaa. Katika hili muuzaji hakusema uwongo.

Lakini mpira uliochanika haushonwi kwa dawa. Shafti iliyolika haijazwi. Gasketi ya karatasi iliyopasuka haiungwi, wala bolti iliyolegea haikazwi na kichupa. Tena ziko dawa ambazo kazi yake ni kuifanya oili iwe nzito tu, na oili nzito huchelewa kufika juu ya injini inapowashwa asubuhi. Na mpira ukilainishwa kupita kiasi nao huharibika, kuvuja kukazidi kuliko mwanzo.

Kwa hivyo, kabla ya kununua dawa, fanya mambo matatu. Kwanza, osha injini, kisha tandika kipande cha boksi chini yake usiku. Tone la kahawia au jeusi aghlabu ni oili ya injini. Jekundu, mara nyingi ni la giaboksi ya otomatiki. La kijani au waridi ni maji ya rejeta. Pili, mwambie fundi akaze bolti na atazame mpira wa kupumulia injini. Ukiziba, moshi unaopenya kando ya pistoni hukosa njia, ukaisukuma oili itokee popote iwezapo. Tatu, vuta kijiti cha kupimia oili kila wiki. Injini haifi kwa doa lililo mchangani. Hufa kwa kukosa oili ndani.

Ama la amana, nitakueleza lililonifika. Gari yangu ndogo iliundwa mwaka 1996. Imempeleka mama yangu Muhimbili mara nyingi, imewafikisha majirani mazikoni, imewapeleka wanangu chuoni. Ilianza kuvuja pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi aliniambia kuwa sili yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kuibadili hapana budi kushusha giaboksi, na hiyo ndiyo kazi ya ghali. Wakati huo nilikuwa nataka kuiuza, kwani binti yangu alipata nafasi ya masomo na ada ilikuwa inangojewa. Mnunuzi alikwisha patikana: mwalimu wa shule, kijana mwenye watoto wadogo.

Shemeji yangu, ambaye hanitakii ila kheri, akanishauri: "Shemeji, tia dawa, osha injini, ipe wiki moja. Gari itakuwa haivuji, na wewe hutakuwa umesema uwongo."

Yafikiri maneno haya, ndugu msomaji, kwani hapo ndipo penye mtego. Ulimi wangu usingesema uwongo, lakini kichupa kingesema kwa niaba yangu.

Nawe bila shaka umesikia mawaidha juu ya yule muuza chakula wa sokoni Madina. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo lake, vidole vikakuta umaji chini. Yule mtu alisema ni mvua iliyonyesha. Akaulizwa mbona hakuuweka umaji ule juu watu wakauona. Mtu yule hakuwa ametamka lolote la uwongo. Alipanga tu kikavu juu na kibichi chini. Na wanavyuoni wakatufunza kuwa mnunuzi aliyefichwa ila ana khiyari ya kurudisha alichonunua.

Basi nilimwita yule mwalimu, nikamwonyesha boksi lenye madoa, nikampa maneno ya fundi kama yalivyo. Akapunguza shilingi laki sita. Shemeji alinuna siku nyingi, na ada ikakamilika kwa zamu ya upatu ya mke wangu, aliyekuwa amekusudia kununulia cherehani. Cherehani hiyo hajaipata hata leo, wala sikuambii kuwa ukweli hauna gharama.

Yule mwalimu naye, kwa kuwa hakuwa na pesa za kushusha giaboksi, alitia dawa mwenyewe ili apate muda wa kuweka akiba. Wala si vibaya. Anaijua ila ya gari yake, na kijiti cha oili hukivuta kila Ijumaa. Kichupa ni kile kile. Mkononi mwake ni subira, mkononi mwangu kingekuwa khiyana.

Basi ukinunua gari iliyotumika, usiulize tu kama inavuja. Uliza: "Imetiwa dawa gani, na lini?" Na ukiuza, usingoje kuulizwa. Na jambo hili si la gari peke yake. Wako wapakao rangi ukuta wenye unyevu siku mbili kabla ya mpangaji kuja. Wahenga walituusia kuwa mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho mara nyingi huwa cha mtu mwengine.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, hata ikiwa pungufu.