Watoto na Msitu wa Kapseret

Mtu atokaye Eldoret na kushika njia ya Kapsabet hupita kwanza mtaa wa Langas, wenye nyumba na maduka yaliyosongamana, kisha baada ya mwendo mfupi wa gari hufika Kapseret. Hapo mji haujakwisha wala mashamba hayajaanza sawasawa. Huku kuna mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kule mawe ya mipaka yamekwisha kusimikwa majanini na ubao watangaza kuwa viwanja vinauzwa. Juu ya hayo yote ndege hupita chini kwa kishindo, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Eldoret, ulioanza kazi katika miaka ya 1990, uko mbele kidogo kando ya njia iyo hiyo. Na katika nchi hiyo ya kusukumana uko msitu wa Serikali uitwao Msitu wa Kapseret.

Sehemu kubwa ya uwanda wa Uasin Gishu ilikuwa mbuga ya majani. Makaburu walipofika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908, waliikuta wazi, na mji uliozaliwa baadaye wenyeji wakauita Sisibo, kwa sababu ya shamba namba 64. Miti mingi ionekanayo leo ilipandwa na watu: misaiprasi, misindano, mikaratusi, na miwati ambayo maganda yake hutengenezea ngozi. Mashamba makubwa ya miwati ya kampuni ya EATEC, yaliyouzunguka mji, yaligawanywa na kuuzwa mnamo mwaka 2000 hivi. Basi kijana aliyezaliwa hapa baada ya wakati huo ameona miti ikiondoka zaidi ya alivyoiona ikija.

Zamani mtoto wa Kinandi au wa Kikeiyo hakuhitaji kambi ya kufundishwa mambo ya porini. Alipopata umri wa miaka sita au saba alikabidhiwa ndama na mbuzi, na malishoni aliwakuta wakubwa wake wakijua kila mti kwa jina na kazi yake. Dada yake naye aliujua mti wa senetwet, kwa kuwa kijiti chake hutiwa motoni na mkaa wake husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa ya mursik. Elimu hiyo haikulipiwa karo. Siku hizi mtoto yuko darasani tangu asubuhi hata jioni, na hilo ni jema. Hakuna mzazi mwenye akili atakaye kumrudisha mwanawe malishoni. Lakini kuna kilichopotea njiani. Wanariadha wetu warudipo na ushindi kutoka ng'ambo hushukia katika uwanja huo huo wa ndege, wakanyweshwa mursik na kuvikwa shingoni mmea utambaao uitwao sinendet. Watoto wa Kapseret hushangilia wakaliona taji hilo kwa macho yao. Ukiwapeleka msituni uwaambie wakuletee sinendet, wengi watarudi mikono mitupu, au watarudi na jani lingine.

Kuwafundisha watoto kambini si jambo jipya. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akachanganya kwa makusudi wana wa matajiri na wana wa watu wa kazi, wakala sufuria moja na kulala hema moja. Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910, na mwanzilishi wake amezikwa Nyeri tangu mwaka 1941. Mwaka 1952 ilifunguliwa shule ya Outward Bound huko Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Kisha mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya pamoja na walimu wao walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, chama chenye gazeti lake liitwalo Komba, ambacho kimewatoa watoto wengi nje ya madarasa.

Watu wa Kapseret wanayo njia ya kufanya vivyo hivyo, tena njia ya sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2016 iliyoshika mahali pake, zawaruhusu wakaao karibu na msitu kuunda chama na kupatana na Shirika la Misitu la Kenya. Watu huzikumbuka upesi haki za kuni, majani ya ng'ombe, asali na dawa. Haki ya kuutumia msitu kwa elimu imeandikwa pamoja na hizo, lakini ni nadra kusikia ikitajwa mikutanoni, labda kwa sababu haibebwi kichwani kama mzigo wa kuni.

Kambi yenyewe si jambo la kubahatisha. Kapseret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na likizo ya Agosti huangukia katika mvua na baridi kali. Mtoto aje na blanketi la pili na viatu vya mpira. Hema lisimamishwe mahali palipoinuka na mtaro uchimbwe kulizunguka. Choo kiwe mbali na mto, maji ya kunywa yachemshwe, na moto usiwashwe chini ya misaiprasi, maana majani yake makavu hushika upesi. Watoto wanane kwa mwalimu mmoja wanatosha. Kila mmoja apewe kipande cha ardhi cha hatua moja kwa hatua moja ahesabu majani na wadudu wote waliomo. Asubuhi nzima itakwisha na hesabu haijakwisha. Aitwe na mzee mmoja wa jirani awaonyeshe miti ya asili, naye alipwe, kwa kuwa ni mwalimu kama walimu wengine.

Liko jambo moja zito. Kambi za likizo zimekuwa biashara, na si kosa, kwani hema na chakula vyagharimu fedha. Lakini mtoto wa karani wa mjini huja kwa gari ili ajifunze jina la mti, na nje ya ua amesimama mtoto achungaye ng'ombe wa babu yake, ambaye jina hilo analijua, wala hana cha kumwingiza ndani. Kambi iwekayo nafasi mbili katika kila kumi kwa watoto wa majirani, na kupokea kwao maziwa au mayai badala ya fedha, haitafilisika. Tena itapata walimu wadogo wasioombwa.

Kwa watoto waliokwisha kuzoea kambi, safari njema ni ya Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ndogo iliyowekwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala akaaye majini. Huko watu hutembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao. Walakini nzohe yuko karibu zaidi, katika kinamasi cha King'wal upande wa Nandi, bila ua wowote, katikati ya mashamba ya watu, ambako mikaratusi na wafyatuaji wa matofali wanazidi kumbana. Kwato zake ni ndefu zenye kutanuka, asizame matopeni. Akiogopa huingia majini akabakiza pua tu. Atakaye kumwona hufika kabla ya jua kuchomoza, hukaa kimya, na hutazama pale majani yanapotikisika pasipo upepo.