Barua kutoka Vienna: Koti la mnofu

Kwako binamu,

 

Umeniuliza kama chakula cha mchana cha huku kinajenga mwili, maana unataka kufungua mgahawa pale senta ya Nyamuswa. Nikueleze kimoja, Schnitzelsemmel. Kinauzwa buchani kikiwa tayari kuliwa, na mchana mafundi ujenzi hukipangia foleni. Wasabato wa huko kwetu Ikizu wajihadhari mapema: ndani mara nyingi ni kitimoto. Kwa kanuni za vyakula za Austria, Wiener Schnitzel ni nyama ya ndama. Ikiwa ya nguruwe, mteja lazima aambiwe.

Mnofu hupondwa ukawa mwembamba, ukapakwa unga wa ngano, yai na chenga za mkate mkavu, ukakaangwa, kisha ukabanwa katikati ya mkate mweupe wa duara. Mnofu wenyewe hauna ubaya. Una protini ya kutosha. Kasoro iko kwenye koti hilo la chenga. Kadiri unavyopondwa ndivyo unavyotanuka na kubeba chenga nyingi, na chenga hunywa mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini 4. Chenga zikinywa gramu 20, umeshaongeza kalori 180 kabla ya kuhesabu mkate. Mlo mzima huvuka kalori 500 kwa urahisi. Kwa mbeba zege si neno. Kwangu mimi ninayeshinda kitini, ni kitambi. Na chumvi imo kwenye mkate, kwenye chenga na kwenye nyama, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku.

Sasa tazama ugali wa ulezi na dagaa wa ziwani. Ulezi husagwa na ganda lake, nyuzinyuzi zikabaki, na gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu. Dagaa naye huliwa mzima, mifupa na yote, akaongeza kalsiamu na protini.

Kwa hiyo binamu, usiniombe mapishi ya huku. Samaki wako kaanga mafuta yakiwa yamechemka sawasawa, maana yakiwa vuguvugu hunywewa zaidi. Yakishakuwa meusi, mwaga. Na ugali wa ulezi uandike juu kabisa kwenye ubao wa bei, chipsi zifuate chini.

Wasalaam,
Binamu yako, Vienna