Mzee wa Austin na daftari lake jekundu

Kaskazini kidogo ya katikati ya jiji la Austin, makao makuu ya jimbo la Texas nchini Marekani, kuna uwanja wa gofu wa mashimo tisa uitwao Hancock. Ni mali ya jiji. Anayelipa ada anacheza, awe mstaafu au mwanafunzi aliyeazima fimbo. Kijito kinapita katikati ya nyasi, na nyumba za watu ziko jirani. Mgeni anaweza kupita hapo na gari lake asijue kwamba ndipo ilipoanzia klabu ya Austin Country Club, mwaka 1899, na ndipo mtoto wa miaka minane alipoanza kubeba mikoba ya wachezaji ili apate senti chache.

Mtoto huyo aliitwa Harvey Penick, mzaliwa wa Austin wa mwaka 1904. Mwaka 1923, akiwa bado kijana mdogo, alikabidhiwa kazi ya mwalimu mkuu wa klabu ileile. Aliifanya hadi 1971, alipomwachia mwanawe Tinsley. Katikati ya kazi hiyo, kuanzia 1931 hadi 1963, aliwafundisha pia vijana wa Chuo Kikuu cha Texas.

Klabu ilihama Hancock, ikaenda upande wa kusini mashariki mwa jiji. Mwaka 1984 ikahama tena, safari hii kando ya Ziwa Austin, karibu na daraja la Pennybacker lenye tao kubwa la chuma. Penick alihama nayo kila mara. Kwenye uwanja huo wa tatu alikuwa mzee mwenye mgongo mbovu. Aliletwa kwa kigari cha gofu, akakaa kivulini, na watu wakamfuata hapo na fimbo zao.

Walifuata nini kwa mzee asiyeweza hata kupiga mpira? Walifuata maneno machache. Penick aliamini kwamba mwanafunzi akielezwa makosa kumi kwa siku moja, ataondoka na makosa kumi na moja. Ushauri kwake ulikuwa kama dawa: kidonge kimoja kinaponya, chupa nzima inaua. Hakupenda kumwambia mtu asifanye hiki wala kile. Alimpa jambo la kufanya, kisha akanyamaza.

Wanaoanza aliwaweka karibu kabisa na shimo, wasukume mpira uingie, ndipo wasogee nyuma hatua kwa hatua. Wengi walitaka kuanza na mapigo marefu ya kusisimua. Yeye alijua kwamba mikwaju mingi ya gofu hupotea karibu na shimo, na kwamba mtoto akiusikia mpira unaanguka shimoni, kesho atarudi mwenyewe bila kuitwa.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Ben Crenshaw. Penick alimkatia fimbo ndefu ikawa kipimo chake, akamwambia aupige mpira ufike kwenye nyasi fupi zenye shimo. Mtoto akafanya hivyo. Mwalimu akasema twende sasa ukautie shimoni. Mtoto akashangaa: kama alitaka uingie shimoni, mbona hakusema tangu mwanzo?

Klabuni hapo alikuwapo mtoto mwingine, Tom Kite, mkubwa kwa Crenshaw kwa miaka miwili. Kite alikuwa wa jasho, akirudia pigo moja mpaka giza linaingia. Crenshaw alikuwa wa kipaji. Penick aliwafundisha wote wawili kwa miaka mingi, lakini hakumruhusu mmoja atazame somo la mwenzake. Alihofia kila mmoja angeondoka na dawa ya mwingine. Hakumwambia Kite acheze kama Crenshaw, wala Crenshaw ajitume kama Kite. Wazazi wenye watoto wawili ndani ya nyumba moja wanajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

Waliokuja kutoka mbali hawakuwa wachache. Binti Kathy Whitworth aliletwa na mama yake kwa gari kutoka mji wa Jal, jimbo la New Mexico, mwendo wa mamia ya kilomita. Baadaye alishinda mashindano 88 ya wanawake wa kulipwa Marekani.

Yote aliyoyaona kwa wanafunzi wake, Penick aliyaandika kwenye daftari jekundu, kwa zaidi ya miaka 60. Alilifungia kwenye mkoba, na kwa muda mrefu aliyeruhusiwa kulisoma ni Tinsley peke yake. Uzeeni alimwonyesha mwandishi Bud Shrake, na mwaka 1992 likawa kitabu. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa mchapishaji amekubali kwa malipo ya awali ya makumi ya maelfu ya dola, mzee alikosa raha. Alidhani ni yeye anayetakiwa kulipa, na bili za hospitali zilikuwa zimemlemea.

Mwishoni mwa Machi 1995 Crenshaw alimtembelea nyumbani. Mzee hakuweza tena kuinuka kitandani, lakini alitaka kuona jinsi mwanafunzi wake anavyosukuma mpira. Akamkumbusha jambo moja dogo: kichwa cha fimbo kisitangulie mikono. Jumapili ya Aprili 2, Penick alifariki dunia. Jumatano Crenshaw na Kite walikuwa Austin kubeba jeneza lake, na jioni wakarudi Augusta, jimbo la Georgia, kwa mashindano ya Masters yaliyoanza siku iliyofuata.

Crenshaw alikuwa na miaka 43, na hakuna aliyemtaja sana. Jumapili alishinda kwa mkwaju mmoja. Mpira wa mwisho ulipoingia shimoni aliinama, akashika kichwa, akalia mbele ya umati mpaka mbeba mkoba wake, Carl Jackson, alipomfikia na kumshika. Kanuni za gofu humruhusu mchezaji kuwa na fimbo 14 tu. Crenshaw alisema wiki ile yeye alikuwa na ya 15, nayo ni Harvey.

Pale Hancock bado wanacheza. Jioni huonekana baba au mama na mtoto kando ya shimo, mpira ukisukumwa hatua mbili, kisha tatu.