Milima ya Kahuzi na Biega, Jirani Zetu

Sisi wakaaji wa Kasenga tumewekwa kati ya ziwa na mlima. Mbele yetu ni Tanganyika. Nyuma yetu yasimama milima ya Mitumba, ambayo yaendelea kaskazini hata kuupita mji wa Bukavu. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Haya, wasomaji wapenzi, tufuatane.

Kutoka Uvira twafuata bonde la Ruzizi, nchi ya joto, ya mpunga na miwa. Twapita Kiliba, Sange na Luvungi. Tukiisha kufika Kamanyola, njia yaanza kuupanda mlima Ngomo kwa kuzunguka-zunguka, na joto twaliacha chini. Toka Bukavu ni mwendo wa kilometa 30 na zaidi hata Tshivanga, penye lango la hifadhi. Ziwa letu lipo meta 773 juu ya bahari. Biega wafika meta 2,790, na Kahuzi, mlima wa moto uliozimika zamani, wafika meta 3,308.

Kadiri mtu apandavyo, ndivyo msitu unavyobadilika. Kwanza ni miti mikubwa yenye kivuli kizito. Kisha mianzi iliyosongamana. Na karibu na kilele ni vichaka vya nchi ya baridi. Mabondeni mna vinamasi vya mafunjo.

Mwenye sifa humo ni gorila. Dume aliyekomaa huota mvi mgongoni, na uzito wake waweza kufika kilo 200. Hata hivyo chakula chake ni majani, mashina, matunda na machipukizi ya mianzi. Kila jioni hujitengenezea kitanda kipya. Akijipiga kifua, mara nyingi ataka kuonya tu.

Gorila wa aina hii hawapatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo. Tena ni wa kwetu hasa: yule ambaye kwa mwili wake mtaalamu Paul Matschie aliieleza aina hii mwaka 1914, alitoka katika misitu ya Itombwe, kaskazini-magharibi ya Tanganyika. Aliletwa na Rudolf Grauer, na jina la Grauer wanalo hata leo.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver. Wafuatiliaji wa Kibatwa ndio waliomwongoza, kwani walizijua nyayo zote za msitu. Mwaka 1975 mipaka ilipanuliwa hata kilometa za mraba 6,000. Lakini Batwa waliokuwa wakikaa humo walifukuzwa, wala hawakupewa ardhi nyingine ya kuwatosha. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwamba haki zao zilivunjwa.

Kisha vita vikaja. Katika sehemu ya milimani gorila walikuwa karibu 250 mwaka 1996. Mwaka 2000 walihesabiwa karibu 130. Tembo wa milimani waliuawa karibu wote. Watu wenye njaa walitafuta nyama, makala na madini, na wenye bunduki walipata faida. Tangu mwaka 1997 hifadhi imo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Je, hayo yatuhusu sisi? Yatuhusu sana. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira, ukabomoa nyumba na kuua makumi ya watu. Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini mlima ulionyang'anywa miti hauna cha kuyapunguzia maji mbio zake.

Basi, mlima hautalindwa kwa bunduki peke yake. Aliyefukuzwa bila haki hana sababu ya kuutunza, na mama asiye na kuni nyingine atapika kwa makala ya msitu. Wenye mamlaka wawape jirani wa msitu haki yao. Nasi, wakubwa kwa watoto, tupande miti ya kuni karibu na nyumba zetu, tukauache msitu wa juu upumzike.